Kicheko cha Anne Kwenye Sidii

"Wewe ndiye Anne?"

Mwanamke alisimama mlangoni bila hata kubisha hodi, sidii mkononi, jasho likimtiririka. Alikuwa ametoka kambi ya jeshi ya mjini Mbarara, akaulizia nyumba hadi nyumba humu Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi.

"Ni miye, mama. Karibu."

"Karibu gani! Mimi Kemigisha, bibi ya Naboth. Wewe nacheka na bwana yangu ndani ya maji, mimi naona kwa tivi, na watoto naona!"

Anne alimjua Naboth kwa sura tu, yule mwanajeshi wa likizo aliyepiga kafi ziwani Jumapili ile vijana wa kanisa walipokwenda matembezi ya mitumbwi. Hata salamu hawakupeana!

Baba yake, Mzee Kalume, akaipeleka sidii kwa jirani mwenye deki. Loh! Kila mtu akaona. Anne yuko kwenye mtumbwi, anatazama mbele, anacheka mpaka macho yanafumba. Papo hapo anatokea Naboth na kafi lake, naye anacheka. Anne tena. Naboth tena. Juu yao wimbo wa kwaya, mtamu ajabu, utadhani maharusi.

"Papa, haki ya Mungu, sikukuwa na ule soja mu mtumbwi moja!"

"Kwa hiyo macho yangu inaniongopea?"

Jioni simu ikalia. Ni Déo, kaka yake aliyehamia Kanada, naye alitumiwa sidii hiyo hiyo.

"Papa, batu ba huku bananiuliza kama Anne ameolewa na soja mwenye bibi. Niseme nini?"

Mzee alikata simu. Akamgeukia binti yake.

"Jumamosi huyu mama atarudi na bwana yake. Kama hauna mutu wa kukushuhudia, utatoka kwangu, uende fasi utajua mwenyewe."

Anne alijua vizuri alikuwa anacheka na nani. Asubuhi akapanda gari, akapita Kabingo, akashukia Mbarara kwenye kibanda cha video cha Appolinaire, mpenzi wake wa siri mwaka mzima sasa. Ndiye aliyepiga ile video, ndiye aliyekata na kuunganisha picha, ndiye aliyewauzia watu sidii.

"Appo, siku ile nilikuwa nacheka na nani?"

Appolinaire akaacha kompyuta yake.

"Na miye. Nilikuwa mbele yako na kamera, sisi babili tu mu mtumbwi."

"Na sauti yako iko wapi?"

"Niliitoa. Nikaweka kwaya."

"Ju ya nini?"

"Unakumbuka nilisema nini. Nilisema, 'Utakuwa bibi yangu, utake usitake.' Batu bote bangesikia. Papa yako angeniita kesho yake, na sikukuwa tayari."

"Na Naboth aliingia namna gani?"

"Kicheko yako ilibaki peke yake. Mutu anacheka na hakuna mutu mbele yake, inaonekana mubaya. Nikatafuta sura yenye kucheka, nikaibandika pale. Alikuwa mbali kabisa, mu mtumbwi yake. Sikufikiri mingi."

"Nipe kaseti ya kwanza, Appo. Iko na sauti yako, itaniokoa."

"Nilirekodi harusi juu yake."

Anne akakaa chini sakafuni, palepale kwenye nyaya.

"Basi Jumamosi ukuje, useme na mudomo yako."

"Nitakuja."

Ijumaa ukaingia ujumbe: "Anne mpenzi nisamehe. Ngojea kidogo. Nikisema sasa papa yako ataomba ngombe za mahari. Niko nafikiri."

Mwanaume gani huyu, jamani! Anne akamjibu: "Fikiri. Miye kesho nafukuzwa."

Jumamosi Kemigisha alifika na mumewe. Naboth aliapa mpaka sauti ikamkauka kwamba hata jina la binti halijui. Nani amwamini? Mzee Kalume alikwisha kumwamuru Anne afunge nguo zake, ndipo Appolinaire akaingia, shati limemganda mgongoni.

"Mzee, ni miye. Alikuwa anacheka na miye. Soja hakukuwa pale, nilimuweka na kompyuta."

Akaeleza yote, na yale maneno ya ziwani akayasema kwa sauti, kichwa chini. Mzee Kalume akafuta uso kwa kiganja. Kemigisha akamshika Anne mkono.

"Dada, mimi nakosea. Samahani sana."

Appolinaire akapata moyo.

"Mzee, naomba nikuje na bajomba bangu kumuposa Anne. Na ile video nitaitengeneza upya, niseme wazi ndani yake."

Mzee akamtazama binti yake. Anne akasogea mbele ya Appolinaire.

"Itengeneze, Appo. Utoe huyu soja, bibi yake alale na roho yake imetulia. Na miye unitoe."

"Nikutoe? Anne, nakupenda!"

"Uliona afazali nikuwe wa mwanaume mwingine kuliko batu bajue niko wako. Bajomba bako babaki kwabo."

Akachukua furushi la nguo zake, akalirudisha ndani kwa baba yake. Akajifungia chumbani, akalia kwa sauti wote wakamsikia, maana alikuwa bado anampenda.