Pindo Pana la Chiriku

Kila akitoka shule, Chiriku alichukua sumaku na kuokota pini zilizoanguka chini ya cherehani ya Shangazi. Mdomo nao haukupumzika, ndiyo maana fundi huyo alimpa jina la ndege mpiga kelele. Hakuwa shangazi yake wa damu. Watu wa ustawi wa jamii ndio waliomleta pale alelewe, akiwa na miaka minane.

Sasa fundi alitaka kumwasili, awe mwanawe moja kwa moja. Mama mzazi alikuwa ameondoka, akaitwa mara nyingi asitokee, na mwishowe mahakama ikamwondolea haki zote za mzazi. Lilibaki jambo moja tu: hakimu amsikie mtoto mwenyewe.

"Ukiulizwa habari za mama yako, sema umeshamsahau," rafiki yake alimwonya darasani. "La sivyo watakunyima."

Siku ilipofika, Chiriku akasimama mbele ya hakimu.

"Mama yako mzazi unamkumbuka?" hakimu aliuliza taratibu.

Uongo ulishafika kwenye ncha ya ulimi. Akamtazama fundi, moyo ukakataa.

"Namkumbuka, mheshimiwa. Hata leo asubuhi nimemkumbuka. Lakini nataka kukaa kwa Shangazi."

"Kwa nini?"

Chiriku akainama, akashika pindo la gauni lake. "Kwingine nilikolelewa nilipewa nguo za kunitosha siku hiyo tu. Hili ndilo la kwanza alilonishonea yeye. Aliliachia pindo pana, nikamwambia anaharibu kitambaa. Akaniuliza, 'Kwani hutakua?' Ameshalishusha mara mbili, na pindo bado limebaki."

Hakimu akavua miwani. "Fundi, una la kuongeza?"

"Sina, mheshimiwa. Kashamaliza yote, kama kawaida yake." Alikuwa amenyoosha mgongo, fahari imemjaa usoni.

"Basi kuanzia leo ni mwanao, na hakuna wa kumhamisha." Hakimu akamgeukia Chiriku. "Kumkumbuka aliyekuzaa si kosa, binti. Umesema kweli huku unaogopa. Mtoto wa namna hiyo ni fahari ya nyumba yake, na kweli hiyo uishike hivyo hivyo ukikua."

Nje, fundi alimpima kwa macho. "Gauni limeanza kuwa fupi hilo. Jioni tulishushe tena."

"Sawa, mama," Chiriku akajibu.

Fundi akamshika mkono, asiuachie mpaka nyumbani.