Ua Lililokataa Kukauka

Mimi si mtu wa kuamini uchawi. Nashona nguo sokoni Zombe, huku Kitui, naimba kwaya, na mteja akianza kunipigia hadithi za majini namwambia anyamaze nimpime kiuno. Kwa hivyo haya sikusimuliwa na mtu. Yalimpata mdogo wangu Mumbua, mwaka jana, na mimi ndiye niliyemwambia akate.

Kazi ya Mumbua ilikuwa kutambua miti. Wataalamu wa Nairobi walimtuma azunguke Kitui, akate kijiti chenye ua, alibane ndani ya magazeti kati ya vibao viwili, na kila asubuhi abadilishe magazeti mpaka likauke. Ua lisipokauka, mti haupati jina. Jumanne hiyo, saa nne asubuhi, nilimsindikiza hadi kwenye ithembo iliyo nyuma ya kwetu, ule msitu mdogo ambamo wazee wa zamani walikuwa wakitambika. Pale hapakatwi hata kijiti cha mswaki.

Katikati tukakuta mti ambao hatukuwahi kuuona, na sisi tumezaliwa pale pale. Maua meupe yalikuwa yametokea kwenye shina lenyewe, si kwenye matawi. Mumbua akashika jani, akanionyesha ncha yake ndefu.

"Kaluki, hii ncha ni ya kumwaga maji ya mvua. Mti kama huu unakaa kwenye misitu minene, kule mabondeni Kongo. Huku umefuata nini?"

Kwetu mvua ilikuwa imekosa misimu miwili.

"Lakini hapa ni ithembo," akasema, kisu mkononi.

"Aiya, na wewe umeokoka! Kata twende, jua ni kali."

Akakata.

Kesho yake magazeti yalikuwa yamelowa chapachapa. Nikamcheka, nikamwambia amemwagia chai. Akayabadilisha. Alhamisi yakalowa tena. Niliyakamua kwa mikono yangu mwenyewe, maji yakajaza sufuria. Ua lilikuwa bichi kabisa. Mumbua ndiye aliyekuwa amepasuka midomo, na tangu alfajiri alikuwa amemaliza mtungi wa lita tano.

"Bado nina kiu," akaninong'oneza. Hakuwa na mate ya kuzungumza kwa sauti.

Mkubwa wake wa Nairobi, Daktari Khalid, alikuwa ametumiwa picha. Akajibu kwa ujumbe mfupi: mti huo hauwezi kuota Ukambani, kwani picha umepigia wapi?

Ijumaa tukamlaza hospitalini. Wakapima sukari, wakapima damu, hawakuona kitu. Wakamtundikia dripu ya kwanza, ya pili, ya nne. Ngozi ya mkono wake ukiifinya ilibaki imesimama. Nikiwa pale kitandani, mama akanipigia kutoka nyumbani, analia. Maji yalikuwa yanatoka chini ya mlango wa chumba cha Mumbua.

Hapo ndipo nilipoelewa dripu zote zilikuwa zinaenda wapi.

Nikapanda pikipiki mbio. Nikalitupa ua motoni, jikoni kwa mama. Moto ukazima. Nikawasha tena. Ukazima. Nikalichukua vilevile linachuruzika, nikakimbia nalo ithembo nilirudishe.

Mti haukuwepo. Miiba. Mawe. Hata shimo halikuwepo.

"Chukueni chenu!" nikapiga kelele. "Mimi ndiye niliyesema akate! Nichukueni mimi!"

Nikapiga magoti, nikaomba kila ombi ninalolijua. Maji yalizidi kutiririka kati ya vidole vyangu. Halafu yakakatika. Ua likasinyaa, likakauka kwenye kiganja changu, tambarare, zuri, tayari kupewa jina.

Simu ikalia. Sikuhitaji kuipokea.

Tulimzika Jumatano. Vijana walioinua jeneza waliangaliana, kwa sababu lilikuwa jepesi kama kapu tupu. Nililia mpaka nikaona aibu kwamba mimi bado nina machozi.

Sasa ni miezi saba, na mvua bado. Lakini udongo wa kaburi la Mumbua haujakauka hata siku moja. Mwanzo walikuja mbuzi, wakawa wanaulamba. Tukazungushia seng'enge. Mwezi jana nikamkuta jirani yetu Musembi amepiga magoti kando ya msalaba, anachimba kwa sahani, na nyuma yake kina mama wamepanga mitungi foleni. Niliwafukuza kwa mawe. Wakarudi. Watoto wao hawajaoga wiki nzima, ng'ombe wanaanguka, nitawaambia nini?

Maji yenyewe ni safi. Baridi. Wanasema ni matamu kuliko ya kisima chochote Zombe.

Mama alikuwa akikataa hata kuyatazama. Leo asubuhi nimemkuta jikoni ameshika kikombe kwa mikono miwili, kimejaa. Akaninyooshea.

"Kunywa," akanong'ona. "Ni yeye."

Ningefanya nini? Nikanywa.