Namba ya Siku ya Kwanza

Saa nne asubuhi, siku ya mnada wa mifugo Garsen, foleni ya duka la dawa la Mwaro ilikuwa imefika barabarani. Karibu na dirisha alisimama Barwako, muuza vitambaa, mwanamke mnene mwenye mwendo wa taratibu, amevaa dera la kijani na mtandio wa rangi ya udongo. Mbele yake alikuwa kijana mrefu, vumbi la ng'ombe hadi magotini, fimbo kwapani.

Mwaro aliweka pakiti mbili dirishani kwa pamoja. Kijana akazitazama, akageuka.

"Abaayo, dada yangu, ipi yako na ipi ya mama yangu? Zimefanana."

"Chukua yoyote. Ni dawa moja."

"Kumbe na wewe una sukari?"

Barwako hakuwa na sukari. Daktari wa hospitali ya Ngao alikuwa amemweleza bila kumung'unya maneno: kwa unene ule mwili wake haukuisikia insulini vizuri, hivyo ulikuwa ukiitengeneza kupita kiasi, na ile ya ziada ilivuruga ovari. Mayai hayakukomaa. Hedhi ilipotea kwa miezi. Dawa ya sukari ingeweza kusaidia, pamoja na kupunguza uzito. Lakini foleni ilikuwa na masikio, na sukari ni ugonjwa wa heshima. Hakuna anayemuuliza mgonjwa wa sukari atazaa lini.

"Ninayo," alisema.

"Pole. Mama yangu inamvuruga tumbo. Wewe je?"

"Hilo ni swali la kumuuliza mwanamke usiyemjua?"

"Basi nipe namba ya simu tujuane, nikuulize vizuri."

Alijikuta anacheka. Namba akampa.

Kijana huyo, Mahad, alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe. Leo yuko kijiji cha Hewani, kesho cha Ozi, lakini jioni simu haikukosa.

"Mgonjwa wangu, umemeza?"

"Nimemeza, baada ya chakula."

"Na kutembea?"

"Nimetembea hadi darajani na kurudi."

"Usitembee mpaka ukaisha. Mimi ni mtu wa mnada, najua thamani ya kilo."

"Mahad, nitakukatia simu."

Hakuikata. Kila jioni alikusudia kumwambia ukweli, na kila jioni Mahad alimtangulia na habari za nyumba atakayojenga, nyumba ya watoto na kelele. Uongo wa neno moja ukaota miguu, ukatembea.

Ukatembea hadi kwa mama yake Mahad, Bi Kadra. Mama alimpokea kwa furaha: hatimaye angepata wa kunywa naye chai isiyo na sukari. Nyumbani kwake mgonjwa wa sukari hakushika kikombe kabla ya kupima.

"Lete kidole, mwanangu."

Mashine ikaonyesha tano nukta moja.

"Mashallah. Mimi nameza dawa hizo hizo na tano sijawahi kuiona." Bi Kadra hakuwa akimtuhumu. "Mimi walinikuta na ishirini na sita. Guracha, jirani yetu, kumi na tisa. Wewe walikukuta na ngapi?"

Barwako akatazama kikombe. "Nimesahau."

Bi Kadra akairudisha mashine kwenye mfuko wake, akavuta zipu.

"Namba ya siku ya kwanza haisahauliki," alisema.

Mahad alimsindikiza hadi barabarani. Bodaboda iliposimama ndipo alipouliza.

"Zile dawa ni za nini, Barwako? Za kukonda? Za kuzuia mimba? Nikirudi ndani nitaulizwa."

"Si za kuzuia."

"Basi ni za nini?"

Dereva alikuwa akisikiliza. Barwako akapanda.

Simu za jioni zikakoma. Hatimaye Barwako alipiga mwenyewe.

"Usinikatize. Sina sukari, sijawahi kuwa nayo. Tatizo ni ovari, mayai hayakomai. Daktari anasema mimba naweza kushika, ila hakuniahidi. Dawa hii wako inaowasaidia, wako isiowasaidia. Mimi hedhi imeanza kurudi. Ndilo ninalolijua."

Ng'ombe walisikika upande wa pili.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulitaka nyumba yenye kelele."

"Hukunipa nafasi ya kutaka nyingine. Na umemdanganya hooyo, mama yangu, mkono wako ukiwa mkononi mwake."

Mahad akakata simu.

Siku ya mnada mwingine, dawa zikiwa zimemwishia, Barwako alikwenda kwa Mwaro. Nyuma ya mabega aliyoyafahamu alisita, kisha akasimama. Mahad aligeuka, akamwona, akageukia dirisha.

"Za mama?" Mwaro aliuliza.

"Za mama. Na nyingine za mchumba wangu."

"Naye ana sukari?"

"Hana."

"Sasa ana nini?"

"Yuko hapa nyuma. Akitaka atakuambia. Asipotaka, wewe funga dawa."

Watu wa foleni wakasogea kusikia.

"Ni ovari," Barwako alisema. "Mayai hayakomai kwa wakati wake. Dawa hii huyasaidia. Si kila mara."

Mwaro akafunga pakiti mbili. Mahad akampa Barwako yake.

"Hooyo anasemaje?" Barwako aliuliza chini kwa chini.

"Hajakubali."

"Amekataa?"

"Amesema ukija tena kidole chako hatakigusa. Atakuuliza, nawe utamjibu."

"Na wewe?"

"Mimi nimeshasema, mbele ya Mwaro na mnada mzima. Umemeza leo?"

"Zilikwisha juzi."

"Umeona sasa nisipokuuliza."

Mwanamke wa nyuma yao, amejifunika baibui hadi machoni, akamshika Barwako kiwiko.

"Dada, hedhi ikipotea miezi, ndiyo hiyo?"

Barwako akatoka kwenye foleni, akasimama naye kando ya ukuta. Mahad aliwangoja barabarani, pakiti ya mama yake mkononi.