Fundi wa Pili Barazani

Mama fundi hushonea barazani, kwa sababu chumbani kuna giza. Kila asubuhi hutoa cherehani, huifuta mafuta, kisha hungoja. Hangoji mteja. Hungoja ndege.

Ndege huyo ni mdogo, mweusi, na kifua chake ni chekundu kabisa. Akigeuka juani, kichwa chake hung'aa kijani. Hunyonya maua ya uani, halafu hukaa kwenye kamba ya nguo na kuimba.

"Leo amependeza kuliko wewe," Mama fundi humwambia mumewe.

"Mimi sina wa kunishonea," hujibu mume. Yeye ni mpaka rangi. Nguo zake zote zina madoa.

Lakini kulikuwa na ndege mwingine, wa kahawia, aliyepauka. Huyo Mama fundi alimwita mwizi. Alishuka hadi chini ya cherehani, akadokoa pamba na nyuzi, akaruka nazo. Tena alining'iniza uchafu kwenye waya wa taa mbovu: majani makavu, nyuzi, manyoya. Yote hayo juu ya gauni jeupe la bibi harusi!

"Baba watoto, chukua ufagio uangushe takataka hii," alisema Mama fundi. "Bibi harusi anakuja kupima gauni mchana. Ataniona mchafu."

Mume akapanda kiti. Akainua ufagio.

"Weee! Shusha huo ufagio, jirani!"

Aliyepiga kelele ni dereva wa lori wa nyumba ya pili. Watu humwita Darubini, maana haendi hata dukani bila darubini shingoni.

"Shemeji, yule mwekundu unampenda?" aliuliza.

"Sana. Huyu mwizi ndiye simtaki."

"Basi huyo mwizi ni mkewe."

Mama fundi akacheka. "Acha utani! Hawafanani hata kidogo."

"Unaangalia nguo. Angalia mdomo."

Akampa darubini. Mama fundi akamtazama mwizi. Mdomo ulikuwa mrefu, mwembamba, umepinda kuelekea chini. Akamtazama mwimbaji kwenye maua. Mdomo ni uleule.

"Hao ni ndege waitwao chozi," alisema Darubini. "Dume ndiye mwenye rangi. Jike amepauka ili asionekane akiwa kiotani. Ukitaka kumjua ndege, simama kimya. Sikiliza sauti, ndipo umtafute kwa macho. Tazama ukubwa, mdomo na anachokula. Usiamue kwa rangi tu."

"Na hii takataka?"

"Ni kiota, shemeji. Mkikiangusha, mayai yamekwisha. Na mwimbaji wako huenda asirudi."

Mume akashuka kitini taratibu. Mama fundi akainua darubini tena. Aliona mlango mdogo ubavuni, na juu yake kipaa cha nyasi cha kuzuia mvua. Kila jani lilishikwa na lingine kwa utando wa buibui. Hapakuwa na mshono uliofumuka.

"Na hana sindano," alisema kwa sauti ndogo. "Dume hujenga upande gani?"

"Dume hajengi. Anaimba tu. Makinda wakitoka mayaini, hapo husaidia kulisha."

Mama fundi akamgeukia mumewe.

"Mimi sijaimba," mume alisema.

Darubini akacheka hadi akashika ukuta. Kisha akasema, "Msikiguse kiota. Na nyuzi ndefu ziokoteni, hasa za nailoni. Humfunga kinda miguu. Mwachieni pamba."

Wakahamisha cherehani upande wa pili. Mchana bibi harusi akafika, akatazama juu.

"Fundi, mbona una takataka pale?"

"Hiyo si takataka. Ni kazi ya fundi mwenzangu. Nyoosha mkono nikupime."

Siku ya kuchukua gauni, makinda walikuwa wametoka mayaini. Jike alileta buibui, dume akaleta mdudu, na midomo myembamba ikajitokeza mlangoni. Bibi harusi alisimama na gauni lake jipya, kioo kikiwa mbele yake. Hakujitazama. Alitazama juu.

"Fundi, nani kamfundisha huyu ndege kushona?"

Mama fundi alikuwa ameinama, anaokota nyuzi ndefu sakafuni.