Ombi Lililotoka Ndani ya Seva

Haya yalimpata rafiki yangu Hirut, mtunza seva wa kampuni moja ya Addis Ababa. Siku ya Meskel, wenzake wakiwa kwenye sherehe, tovuti ya kampuni ilielemewa, naye akaingia chumba cha seva kisicho na dirisha kutafuta sababu. Mara umeme ukakatika. Taa zilizimika, kufuli la umeme la mlango likajifunga, na seva zikabaki zikivuma kwa betri.

"Gashe Gebeyehu, nifungulie!" alimpigia kelele mlinzi aliyekuwa nje, akimwita Gashe kwa heshima ya umri wake.

"Vumilia, mwanangu, mpaka umeme urudi. Sikukuu hii hata shetani kapumzika, wewe wahangaika na mashine!"

Hirut akacheka, akaketi gizani, akaunganisha kompyuta yake na seva kwa waya. Akafungua kumbukumbu, ambamo kila ombi la ukurasa huandikwa mstari wake, akaanza kuzichuja kwa amri. Akaondoa maombi ya roboti za mtandaoni, akaondoa ya wateja. Maombi yaliyobaki yalitoka kwenye seva ile ile iliyovuma mgongoni mwake, na yote yalitaka ukurasa usiokuwepo, uitwao "nifungulie".

Akachomoa waya wa mtandao wa nje. Mistari ikazidi kuja. Ndani ya kasha la chuma kitu kilikuwa kikikwaruza taratibu, mkwaruzo mmoja kwa kila mstari.

Aligonga mlango hadi viganja vikamuuma. Umeme uliporudi, Gashe Gebeyehu alimvuta nje Hirut akitweta, kompyuta kifuani, waya wake ukining'inia bila kushika kitu. Mkwaruzo ulikuwa umekoma. Kwenye kioo cha kompyuta ukatokea mstari mmoja zaidi, ukitaka ukurasa mwingine: "nimetoka".