Kastori Alinichukulia Wanafunzi, Nikamfungulia Piano

Nina miaka arobaini na tatu, sijaolewa, elimu yangu ni kidato cha nne. Nimekaa Iwawa, nikahamia Bulongwa, nikaenda Kichiwa... miguu yangu haijui kutulia, na kila nilikotoka napakumbuka mpaka leo. Kazi yangu ni moja tu: kufundisha kinanda.

Makambako ndiko nilikotulia. Nilipanga chumba nyuma ya mashine ya kusaga, nikafundisha watu wa rika zote. Mtoto mdogo hagusi kinanda kwangu mpaka aimbe wimbo mzima huku akipiga makofi. Kijana namwanzishia wimbo anaoupenda mwenyewe. Wazee nawaanzisha kwa mkono wa kushoto, maana wameimba besi na alto kanisani maisha yao yote. Masikio yao yanajua njia. Bibi Anjela alianza akiwa na wajukuu wakubwa. Siku alipomaliza wimbo wake wa kwanza alilia... nami nikalia!

Kisha nikampenda Kastori.

Naye alikuwa mwanafunzi wangu, mtu mzima mwenye haraka. Vibonye vyeusi vilimchosha. Akaniomba nimwonyeshe kile kitufe cha kinanda cha umeme kinachohamisha wimbo wote juu au chini kufuata sauti za waimbaji, ili apige vyeupe tu. Nikamwonyesha. Ndugu zangu, unamnyimaje mtu unayempenda? Akanivisha pete ya uchumba.

Mama akaugua Bulongwa, nikaenda kumuuguza. Darasa nikamwachia Kastori. Mama hakupona... tukamzika kwenye mvua.

Niliporudi Makambako nilikutana na Bibi Anjela sokoni.

"Kamwene, bibi," nikamsalimia.

Akanitazama kama ameona mzuka. "Mwalimu! Si tuliambiwa umetoroka na dereva wa lori, uko Tunduma?"

Aliyesema ni nani? Kastori! Na kwa jinsi ninavyojulikana kwa kuhamahama, nani angebisha? Mlango wa darasa ulikuwa na kufuli jipya. Wanafunzi wote sasa walikuwa wake, isipokuwa Bibi Anjela. Huyo alimfukuza, eti vidole vimekauka, anachelewesha watoto!

Nilimfuata Kastori. Akanicheka mbele ya watoto niliowafundisha mwenyewe: "Dada, treni imeshaondoka, wewe bado uko stesheni."

Sikulia. Nikasubiri.

Kwaya aliyokuwa akiipigia Kastori ikaalikwa kwenye sherehe ya mavuno, misheni moja karibu na Njombe. Ukumbini kwao kuna piano ya zamani ya mbao, isiyo na umeme wala kitufe. Nikamwendea sista msimamizi, nikajitolea kuitengeneza. Nilifuta vumbi, nikakaza nyaya moja moja mpaka ikaimba vizuri, mtu asije akaisingizia! Sista akafurahi mno, akasema mwaka huu kwaya zote zitapigiwa piano.

Kastori akaketi. Mikono yake ilijua vyeupe tu. Wimbo ukaanzia juu mno... soprano wakalia kama kuku, besi wakanyamaza kabisa. Akaanza upya. Vilevile!

"Mwalimu, shusha, unatuua!" mzee mmoja wa besi akapaza sauti.

Angeshusha na nini? Ukumbi mzima ukacheka. Mimi nilikuwa mstari wa mbele. Nilimtazama usoni, nikatabasamu.

Wanafunzi walinirudia, Bibi Anjela akiwa wa kwanza. Mwisho akaja Kastori mwenyewe, kofia mkononi.

"Nifundishe vyeusi tu, Mage. Watu wananizomea."

"Kamwombe yule dereva wa Tunduma," nikamjibu, nikafunga mlango.

Mnataka niseme nimesamehe? Sijasamehe! Nikimwona stendi akinikwepa, moyo unafurahi... halafu unauma. Nilimpenda kweli.

Dada zangu, kaka zangu, pendeni, lakini kazi ya mikono yenu msimkabidhi mtu kwa sababu tu amewavisha pete. Ukienda kuuguza au kuzika, funga mlango, uondoke na ufunguo. Wanafunzi watakusubiri. Mpenzi ndiye asiyesubiri.