Mtu Wangu wa Picha Nane

Nilimkuta mtu wangu akitembea kwenye simu ya shemeji yangu... na jina lililoandikwa chini yake si langu.

Mtu mwenyewe ni mdogo kama kidole gumba. Kofia nyekundu, ndoo mkononi. Nimemchora mimi, mraba kwa mraba.

Mke wangu alikuwa anampongeza mdogo wake. Shemeji akawa anasema mtu yule amemtoa jasho wiki mbili, na kwamba watengenezaji wa gemu wameipenda kazi yake, Jumanne wamemwita.

Sikupiga kelele. Nilikuwa nimeshinda nimepiga magoti naweka vigae chumba kizima. Nguvu ya kelele ningeitoa wapi?

Niwaeleze vizuri, wasomaji wangu. Mimi ni fundi vigae, shule niliiacha darasa la sita. Kuchora mtu wa gemu kwa miraba midogo ni kama kuweka vigae tu, ila huko huvunjiki mgongo. Shemeji ndiye aliyenionyesha, kwenye kompyuta yake. Ili mtu atembee, unachora picha nane zinazofuatana. Nikajizoeza kwenye kompyuta hiyohiyo mwaka mzima, kila nikitoka kazini.

Ila mtu wangu alikuwa na kasoro. Kwenye picha ya tano, mguu wa kushoto ulikuwa unachelewa.

Nikafuta, nikachora upya... ukachelewa tena. Mara tatu. Nikachoka, nikamwacha achechemee.

Basi nikamwita shemeji pembeni, nikamuuliza kwa nini.

"Shemeji, wewe ni fundi vigae," akanijibu. "Ukisema umechora wewe, nani atakuamini?"

Jumanne nikaenda naye kwa wale watengenezaji, na ovaroli yangu ya saruji. Kiongozi wao, dada mmoja wa miwani, akatusikiliza wote wawili. Akaomba kuona picha za mwanzo. Shemeji akafungua kompyuta. Zote anazo, maana kompyuta ni yake.

Dada akaniuliza kama nina ushahidi wowote. Nikasema sina.

Jamani, kuna uchovu unaomfanya mtu aiache hata haki yake. Nikainuka, nikaelekea mlangoni.

"Baba, subiri," dada akaniita. "Hebu tembea tena, mpaka dirishani."

Nikatembea. Yeye macho kwangu, macho kwenye skrini... kwangu, kwenye skrini.

Kisha akamgeukia shemeji.

"Na wewe tembea."

Shemeji hakuinuka.

Nilipofika nyumbani nilimuuliza mke wangu kama nachechemea.

"Tangu mwaka juzi, goti la kushoto. Nilidhani unajua, mume wangu."

Sikujua. Kumbe siku zote hizo nilikuwa najichora mwenyewe nikirudi kutoka kazini.

Shemeji bado anakula kwetu. Hanitazami usoni, na mimi sijamsamehe. Tunapeana chumvi tu.

Wasomaji wangu, mwizi anaweza kuibeba kazi yako yote, akaondoka nayo mchana kweupe. Mwili ulioifanya hawezi kuubeba.

Jumatatu nikaanza na wale watu wa gemu. Kazi ya kwanza waliyonipa: mtu wangu apande ngazi, ghorofa tatu.

Goti limeanza kuuma kabla sijachora mraba hata mmoja.